Neno Moja la Mzee Salim

Jumatano. Joto la kufa mtu, umeme umekatika tangu saa nne asubuhi, na mie nina hasira.

Nimemkasirikia msimamizi wangu, nimeikasirikia tasnifu, na zaidi nimejikasirikia mwenyewe. Ngoja niandike kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi msimamizi alinijibu kuhusu Mzee Salim wa Temeke. Mistari miwili tu: mtoe kwenye utafiti, mgonjwa mwenye neno moja hana cha kuchambuliwa. Miezi miwili naenda kwa huyo mzee, na jibu lenyewe ndilo hilo.

Mzee Salim alikuwa na duka la vitambaa Buguruni, alilorithi kwa baba yake. Wanaomjua wanasema alikuwa na maneno matamu, unaingia kuulizia bei unatoka na mita tano. Mwaka jana akapata kiharusi, ubongo ukaumia upande wa kushoto. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yote yakampotea isipokuwa moja.

"Mwongo."

Ukimwamkia shikamoo, mwongo. Akitaka maji, mwongo. Sheikh alikuja kumwombea dua, akamwambia utapona inshallah, mzee akamkazia macho: mwongo! Sheikh hajarudi tena. Majirani nao wamepungua.

Mie nilipomsikia mara ya kwanza nilifurahi. Nakiri. Darasani tulisoma kuhusu afasia, yaani kupotewa na lugha baada ya ubongo kuumia, kwamba wakati mwingine humwachia mtu neno moja tu, linamtoka lenyewe kila anapojaribu kusema lolote. Sikuwahi kukutana na mtu wa hivyo. Nikawasha kurekodi kwenye simu, nikahesabu mara ngapi analisema, nikaaga.

Mkewe, Bi Zuhura, sikumweleza kitu.

Leo nilikwenda kuwaambia kwamba sitakuja tena. Kabla sijafungua mdomo, Bi Zuhura akanivuta jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, wewe umesomea mambo haya. Mtu akiumwa hivi, anaanza kuona siri za watu?"

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza. Duka lilishafungwa, fremu, kile chumba cha duka, kachukua fundi simu. Lakini kila asubuhi anamwambia mumewe kwamba duka lipo, shemeji yake anauza vizuri. Na kila asubuhi mumewe anamjibu neno lile lile.

"Siku hizi chai namwekea tu mezani, natoka," akasema. "Siwezi kumtazama usoni."

Ningeweza kumtua mzigo huo kwa dakika tano, siku ile ya kwanza. Nilikuwa nahesabu.

Nikamrudisha sebuleni kwa mumewe, nikatoa kadi zangu za picha. Nikamwonyesha mzee ndizi. "Mwongo." Kikombe. "Mwongo." Saa. "Mwongo," na macho yakamjaa machozi, maana anasikia linalomtoka. Anajua kwamba hilo silo alilotaka kusema.

"Mama, neno linamponyoka kama chafya," nikamwambia Bi Zuhura. "Lakini tunachosema anakielewa. Muulize jambo la ndiyo au hapana, halafu angalia kichwa chake. Mdomo uache."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya mumewe.

"Baba Nasra, mie mwongo?"

Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu, kulia, kushoto, huku mdomo unasema "mwongo, mwongo, mwongo," na mkono wa kushoto, ule mzima, unapunga hewani kana kwamba analifukuza hilo neno.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe Bi Zuhura ndiyo kwanza anaanza kulia.

"Lakini nimekudanganya kweli," akamwambia, akamweleza yote, duka, fremu, shemeji. Mie nimesimama na kadi zangu, sijui nitazame wapi.

Mzee akashika ncha ya mtandio wa mkewe, akamfuta nayo machozi.

"Mwongo," akasema taratibu, kwa sauti ile ile ambayo mtu humwambia mwenzie pole.

Bi Zuhura akacheka huku analia. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, hairekodi chochote.

Nimefika nyumbani Kawe kichwa kinagonga. Miaka miwili tunafundishwa kupima mgonjwa ameshindwa nini. Hakuna aliyetufundisha tukishapima, mkewe tumwambie nini. Na mie sikuuliza!

Msimamizi nimemwandikia kwamba Mzee Salim simtoi. Barua nimeifuta mara tatu, ya nne nimeituma kabla ujasiri haujaniishia. Akikasirika, tukasirike wote.

Kinachoniuma ni daftari hili hapa mezani. Lina familia nyingine saba za wagonjwa, zote nilizichukua sauti nikasema asanteni, nikaondoka. Wake na watoto wangapi wanaamka kila siku wakidhani wanatukanwa, au wamesahauliwa, au hawapendwi tena?

Sijui. Sikuwahi kukaa nikawauliza.

Kesho naanza kuwapigia.