Nusu ya Chini ya Karatasi ya Sekela

Mgololo, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ndaga, asante sana kwa mchele. Umefika salama na gunia halikufunguliwa njiani, nilikagua mshono. Habari za Ubaruku, na goti lako je? Kwenye simu unasema limepona, lakini nilikusikia ukiguna kabla ya kukaa, kwa hiyo siamini. Sisi huku wazima. Baridi ni ile ile, Sekela analala na soksi, nami bado nipo getini kiwandani, nakagua malori na karatasi za mizigo. Wenzangu wananiita Mpekuzi. Nimeshazoea.

Haya ninayoandika ningeyasema kwa simu, ila najua ungeniambia mtandao unasumbua.

Ulipomleta mdogo wangu Sekela mwaka juzi, kidonda cha operesheni bado kibichi, ulinikabidhi kadi ya betri ya moyo waliyompandikiza kifuani na karatasi ya kliniki. Karatasi nikaibandika mlangoni. Asibebe vitu vizito. Asigongwe kifuani. Simu asiiweke mfuko wa kushoto. Asisogelee spika kubwa. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo, na kwa karatasi hiyo nimemnyima baiskeli, netiboli, hata safari ya darasa lao ya kwenda kuona wanyama kule njia ya Idodi. Nilidhani namlinda.

Miezi ya karibuni akaanza kwenda kufua kwa rafiki yake kila Jumamosi. Sare zilirudi zimekunjwa vile vile nilivyozikunja mimi. Halafu ncha za vidole vya mkono wa kushoto zikawa ngumu, za kulia laini. Nikamuuliza.

"Ni sabuni, kaka."

"Sabuni inachagua mkono?"

Akaenda kukoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikamfuata kwa mbali. Kichwani nilikuwa nimeshamtafutia mvulana. Akaingia ukumbi wa kanisa, na muda si mrefu gitaa la besi likaanza kunguruma. Nikachungulia dirishani. Sekela huyo, kwenye stuli, gitaa pajani. Mimi niliona nyaya na spika tu. Niliingia kama nimekamata lori la wizi.

"Zima hiyo kitu! Huyu mtoto ana betri kifuani, mnataka kumuua?"

Mwalimu wa kwaya, mama mmoja wa Kibena asiye na haraka, akapunguza sauti, akanisalimu kwanza. "Kamwene, baba. Tunajua. Ndiyo maana spika iko kule ukutani, na mkanda wa gitaa hatumvishi, usije ukamkandamiza pale penye betri. Karatasi yake tumeisoma wote."

"Karatasi yake iko mlangoni kwangu."

"Yako ni nusu, kaka," Sekela akasema bila kunitazama.

Akaitoa nyingine kwenye mfuko wa gitaa. Alimwomba muuguzi siku moja nilipomwacha kliniki nikatoka kununua maji. Ni ndefu mara mbili ya yangu. Juu ni yale yale ya mlangoni. Chini kuna kichwa cha habari: Mambo anayoweza kufanya. Kuendesha baiskeli, akishapona. Michezo isiyo ya kugongana, kwa ushauri wa daktari. Kupiga ala za muziki, hata za umeme, spika ikiwa mbali na kifua, angalau urefu wa mkono.

Hata hapo sikuamini. Jumatatu nikaenda naye kliniki. Muuguzi akathibitisha, akaongeza kwamba nyaya ziwe nzima, na akisikia kizunguzungu aache mara moja, asogee mbali na vyombo, aletwe. Jana mazoezini nikapima nafasi mwenyewe, kwa mkono wangu, mara tatu.

"Kaka, ukipima hivyo spika itafika Makambako," Sekela akasema. Kwaya nzima ikanicheka.

Sasa mama, nije kwenye jambo lenyewe. Nilibandua ile ya mlangoni nikaiangalia. Kwanza nilishuku kliniki. Lakini mimi kazi yangu ni karatasi. Ikikatwa na mashine, ukingo unanyooka. Hii ina kijino kidogo kila baada ya vidole vinne. Mkasi wako wa kushonea una pengo, pale nilipokatia waya wa redio nikiwa darasa la tatu ukanichapa.

Nilikasirika, mama. Siku mbili nilikuwa na hasira nawe. Kisha nikakumbuka ulivyotoka na Sekela kwenye mfereji wa mpunga alikozimia, umembeba, midomo yake imebadilika rangi, na wewe unaniita kwa jina la marehemu baba. Ningeona neno baiskeli siku zile, pengine ningeutafuta mkasi mwenyewe. Lakini ana miaka kumi na sita sasa, na amejifunza kutudanganya ili apige nyimbo za kanisani. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kwaya itaimba kwenye ibada ya mavuno. Sekela anasema hatapiga mpaka wewe uruhusu, amechoka kujificha. Mwalimu atamsubiri mpaka Jumapili ijayo. Baada ya hapo atamfundisha mtu mwingine.

Nisalimie mjomba wa mashine ya kukoboa. Msalimie shangazi anayekuchotea maji, na umwambie aniandikie ukweli kuhusu goti. Hata jirani mwenye bata msalimie, ingawa yule bata wetu aliyepotea sijamsahau.

Jibu refu silihitaji. Weka kile kipande cha chini kwenye bahasha, mpe kondakta wa basi la Alhamisi, na juu uandike jina la Sekela, si langu. Wala usiniambie ulikitupa. Mtu anayetupa karatasi huichana. Wewe ulikaa ukakata kwa mkasi, polepole, na hukugusa hata herufi moja.

Mwanao asiyeacha kukuchunguza, na asiyeacha kukupenda,

Ambokile