Nyoka Niliyemfuta Ukutani

Jumanne, Aprili 1996

Nimewadanganya watoto wa watu.

Wanafunzi wa sanaa wamepamba darasa lao kwa michoro ya Kambodia: maua, na nyoka mwenye vichwa saba. Mimi mfagizi nikadhani ni mambo ya shetani, nikamsugua nyoka kwa sabuni jana jioni. Tangu nimzike mume wangu, Baba Akinyi, naogopa vitu ambavyo yeye angevicheka.

Leo Wanjiru, mmoja wa wanafunzi hao, akasimama pale ukutani. "Mathe," akaniita, maana kwao mimi ni mama, "nani amefuta? Huyo kwao hulinda maji. Tumemchora wiki mbili."

Nikasema labda bati limevuja.

Wakaniamini. Wakaleta nailoni wafunike maua yaliyobaki, mvua isiyaharibu. "Mathe, tushikie ngazi."

Nikaishika hadi msumari wa mwisho.