Mama Klachi, Aliyejifunza Kulala Ukubwani

Mama yetu mpendwa,

Mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipotuacha, na mpaka leo gari likirukaruka mbele ya nyumba yetu kwa sababu dereva hajakanyaga klachi, sote tunanyamaza, tunasubiri sauti yako. "Klachi! Klachi kwanza, mwanangu!" Majirani nao wanasubiri. Hakuna anayekumbuka nani alianza kukuita Mama Klachi, ila jina lako la kwenye kitambulisho lilibaki kuwa la benki na la daktari tu.

Tulipoketi kuandika maneno haya, kaka alitaka tuanze kwa kusema umelala. Dada akamkatalia palepale.

"Mama? Amelala?" akasema. "Wanaomjua watauliza, kalala saa ngapi!"

Tulicheka mpaka Baba akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Basi hatutasema umelala. Tutasema umeondoka, na nafasi yako haijazibika.

Ulifundisha udereva miaka ishirini na sita. Ulikaa kiti cha pembeni, pipi za mnanaa mfukoni, mguu juu ya ile breki ya pili iliyowekwa kwa ajili ya mwalimu. Hukumtukana mwanafunzi hata mmoja, ulilitukana gari. Mtu akipanda ukingo wa barabara, ulikuwa unasema, "Hili gari halina adabu, hebu lirudishe." Na kwa waoga ulikuwa na swali moja tu: "Gari halina akili, wewe unayo. Sasa nani amwogope mwenzake?"

Kisha maumivu yakaja bila hodi. Leo bega, kesho nyonga, keshokutwa mpaka taya. Ulikuwa unaamka umechoka kuliko ulivyopanda kitandani, kana kwamba umekesha ukibeba mawe. Maneno yakaanza kukukimbia. Siku moja ukamwambia mwanafunzi avute "hicho kijiti cha kusimamishia," naye, badala ya hendibreki, akavuta kamba ya pazia la dirisha la gari. Ulipima damu, ukapigwa picha, ukapimwa tena. Kila mahali jibu likawa lilelile: vipimo viko safi, labda ni umri. Ulirudi nyumbani na bahasha ya picha, ukaiweka mezani.

"Mifupa yangu inapendeza kweli," ukasema. "Shida yake ni moja tu, inauma."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wanao tuliubeba wako hivyohivyo, kwa macho. Tulikuona unaendesha gari, unacheka, unaimba ukiosha vyombo, tukaona haiwezekani uwe unaumwa kiasi hicho. Mmoja wetu, kitinda mimba wako, ambaye ndiye anayeandika haya kwa niaba ya wote, alikuambia siku moja, "Mama, na wewe unazidisha." Ulikuwa unakunja shuka, ukaendelea kulikunja, ncha kwa ncha, mpaka likawa dogo kama leso. Uliishi baada ya hapo miaka mingi na hukunikumbusha hata mara moja. Nisamehe, Mama. Nilikwisha kukuomba msamaha ukiwa hai, lakini nataka na watu wasikie.

Halafu ikaja Jumanne ya yule karani mstaafu wa posta. Alikuwa ameshindwa mtihani wa leseni mara nne na mikono yake ilitoka jasho mpaka usukani ukateleza. Habari yenyewe hukupenda kuizungumza. Yeye ndiye aliyetusimulia siku ya mazishi, akicheka huku anafuta macho kwa mkono wa shati.

Ilikuwa saa nane mchana. Mlishika ile barabara iliyonyooka inayotoka nje ya mji. Kwa kawaida hazikupita dakika mbili bila neno lako: kioo, gia, punguza, usikumbatie usukani kama mtoto. Siku hiyo ukanyamaza.

"Nikasema moyoni, leo nimeiva," alitusimulia. "Mwalimu hana la kunikosoa! Nikalipita lori. Maishani mwangu sijawahi kulipita lori."

Alivuka madaraja mawili, akafika njia panda, asijue aende wapi. Akawasha indiketa, akaegesha pembeni, akavuta hendibreki, akazima injini. Ule ukimya ndio uliokuamsha.

"Tuko wapi?" ukauliza.

"Kilomita kumi na moja kutoka shuleni, Mwalimu. Sikutaka kukusumbua, ulikuwa umechoka."

Ukatazama chini. Mguu wako haukuwa juu ya breki. Anasema hajapata kuona mtu akibadilika rangi vile. Alikuahidi papo hapo kwamba siri hiyo ataimeza, hata mkewe hatamwambia.

"Meza mate," ukamwambia. "Hii naipeleka mwenyewe."

Na ukaipeleka. Uliingia ofisini kwa mwenye shule ya udereva, ukaweka funguo mbele yake. Ukamwambia umesinzia gari likiwa barabarani na mwanafunzi yuko kwenye usukani, kwa hiyo asikupe gari tena mpaka ujue una nini. Mzee wa watu alijaribu kukutuliza. Mara moja tu, Mama Klachi, nani hajawahi kusinzia? Ukamjibu, "Barabara haihesabu mara." Ukarudi nyumbani kwa miguu, ukaketi jikoni, na kwa mara ya kwanza tukakuona unalia. Hukulia kwa maumivu. Ulilia kwa sababu kazi ile ulikuwa unaipenda kuliko tulivyojua.

Siku ile ndipo tulipoacha kubisha.

Baba alifunga duka lake la kinyozi wiki nzima, jambo ambalo hakulifanya hata alipooa, akakuzungusha kwa madaktari mpaka mkampata yule daktari wa kike wa zahanati ndogo karibu na stesheni. Wote waliotangulia walikuuliza unaumwa wapi. Yeye alikuuliza unaamka vipi.

"Nimechoka," ukasema. "Kila siku. Hata nikilala saa tisa nzima."

Akakubonyeza hapa na pale, akasoma vipimo vyako vyote, akauliza mengi kuhusu usingizi kuliko kuhusu mgongo. Mwishowe akautaja ugonjwa: faibromialjia. Akaeleza pole pole kwamba hauonekani kwenye picha wala kwenye damu, lakini ni wa kweli na si wa kujitungia. Hauui, akasema, ila unachosha. Usingizi wako ulikuwa wa juujuu. Mtu asipozama usingizini, mwili haupumziki, na ubongo unayasikia maumivu kwa sauti kubwa zaidi. Maumivu hayo nayo yanakunyima usingizi unaofuata. Kila kimoja kinamchochea mwenzake.

Ulifikiri kidogo, ukasema, "Kumbe mimi nazima taa tu. Injini inanguruma mpaka kunakucha."

"Mama," daktari akasema, "umenieleza vizuri kuliko kitabu."

Kisha akauliza nani analala kando yako, na kama ana kelele. Baba akaanza kuitazama dari kama anayehesabu mbao.

Jina lile la ugonjwa lilitushinda wote. Baba ndiye aliyelifupisha. Akaliita Bi Mialjia, akawa analisema kama anayemsema mgeni aliyekuja kwa siku tatu akahamia. "Bi Mialjia ameamkaje leo?" Nawe ukajibu, "Kanuna," au, "Leo kaniachia kidogo." Tangu ulipopewa jina la kile kinachokuuma, ulianza tena kufanya utani.

Masharti yalikuwa machache, lakini ukayashika kama sheria za barabarani. Kuamka saa ileile kila siku, hata Jumapili. Kahawa mwisho saa sita mchana. Simu ilale jikoni. Kidonge kimoja kidogo jioni. Na kutembea: kwanza mpaka kona ya duka la vioo, ukirudi unaushika ukuta, baada ya wiki mbili mpaka kituo cha mafuta. Sharti la mwisho likawa la Baba. Alibeba mto wake akahamia chumba cha nyuma, katikati ya viti vibovu vya kinyozi.

Siku ya tatu Shangazi akatua. Nani alimwambia hatujui mpaka leo, ila duka la kinyozi halina siri. Aliingia na mkoba mkubwa wa mtu aliyekuja kukaa, akatukalisha wote sebuleni, akakugeukia.

"Wifi yangu, mimi ni dada yake lakini sitampendelea. Niambie, amekukosea nini?"

"Anakoroma," ukasema.

"Eeh, na nini tena?"

"Hakuna tena."

Shangazi akatutazama mmoja mmoja kuona nani anacheka. "Kukoroma ndiko kunavunja nyumba? Mume wangu anakoroma kama mashine ya kukoboa, mwaka wa arobaini huu, na sijahama hata shuka!"

Ndipo ukamweleza. Hukupaza sauti. Ulimwambia juu ya lori na madaraja mawili uliyoyapita bila kuyaona, na juu ya yule karani aliyekuwa amebeba roho yako mikononi bila kujua. Ukamwambia kwamba usipolala unaumwa, ukiumwa hulali, na kwamba mumeo ameamua kukata mzunguko huo upande wake.

Baba akaongeza, "Dada, sijafukuzwa. Asubuhi namgongea mlango na chai, ananikaribisha kama mchumba. Hata zamani hakunikaribisha hivi."

Mkoba wa Shangazi ukabaki haujafunguliwa. Alipoaga alimvuta Baba pembeni, lakini sauti yake haijui kunong'ona, tukasikia wote: "Hicho kitanda cha chumba cha nyuma ni futi ngapi?"

Haikuwa miujiza. Zilipita wiki nne ambazo ulitaka kuyatupa masharti yote dirishani. Wiki ya tano, asubuhi moja, ulitoka chumbani nywele zimesimama upande mmoja, ukasimama mlangoni pa jikoni kama mtu aliyeshuka safari ndefu.

"Nimeota," ukasema.

Tukaacha vijiko.

"Nimeota ndoto ndefu ya kipuuzi. Kuku alikuwa anafanya mtihani wa leseni."

"Alifaulu?" Baba akauliza.

"Alishindwa kwenye kona. Ana macho pembeni lakini haangalii vioo."

Tulicheka, na dada akaenda kujifungia bafuni kwa muda. Hukuwa umeota kwa miaka.

Maumivu hayakuondoka, ila kelele zake zilipungua, siku nyingine yakawa ya kunong'ona tu. Baada ya miezi minne ulirudi kuchukua funguo zako, na kwa miaka sita zaidi ukafundisha. Ukilala vibaya, ulipiga simu mapema: "Leo nifundishe alama darasani, gari mpe mwingine." Yule karani alifaulu mara ya tano. Na kila mwanafunzi, kabla hajagusa ufunguo, ulimuuliza, "Umelalaje?" Wengi walidhani ni salamu. Wachache waliojibu ukweli uliwashusha garini, na angalau wanne, Mama, uliwapeleka mwenyewe kwa daktari wa stesheni. Mmoja wao, mwokaji mikate aliyekuwa akiitwa mvivu na ndugu zake, anatuletea salamu zako kila mwezi kana kwamba bado upo, nasi tunazipokea.

Bi Mialjia siye aliyekuchukua. Ilikuwa homa ya mapafu, nayo ilifanya haraka, siku tisa tu. Hata wodini hukuacha ualimu. Ulimkamata muuguzi aliyekuwa anamwamsha mgonjwa wa kitanda cha pili ili ampe kidonge cha usingizi. "Binti yangu," ukamwambia, "huyo tayari amefika, unampigia honi ya nini?"

Kuna jambo moja hulijui, na tumelihifadhi la mwisho kwa sababu ni lako hasa. Miaka yote ishirini na sita ulimwomba Baba umfundishe kuendesha gari. Miaka yote hiyo alijibu kwamba mume hafundishwi na mkewe kurudi nyuma. Mwezi wa tatu baada ya kukuzika, alimwita dada akamwambia, "Nianze wapi?" Alivunja taa moja ya mbele na vyungu viwili vya maua. Alishindwa mtihani wa kwanza kwa kusimama katikati ya makutano kumpisha paka. Ijumaa iliyopita alifaulu. Ana miaka sabini na moja na leseni mpya kabisa, anaionyesha kila mtu anayekaa kwenye kiti chake cha kinyozi, hata waliofumba macho kwa sabuni.

Jumapili alituleta sote kukuona. Aliendesha mwenyewe, pole pole, akisimama penye kila alama, na njia nzima hakuruhusu mtu aketi kiti cha pembeni.

Wanaokukumbuka kwa upendo: mumeo, mwanao mkubwa, binti yako aliyeshika kazi yako, kitinda mimba wako, wifi yako na mumewe, ambao sasa wana vyumba viwili, wajukuu zako watano, wenzako wa shule ya udereva, na wote uliowafundisha, ambao wako barabarani salama.

Tutakukumbuka leo, kesho, na kila tunapowasha gari.