Hamira Nyeusi Aliyoleta Zuhura

Jumamosi, 11 Mei 1974
Maandazi yameisha kabla ya saa mbili. Kama kawaida. Wajenzi wa soko jipya hawana subira, na maandazi kama yangu Kariakoo nzima hakuna. Sisemi mimi, wanasema wao. Sukari nimetia ya kunyunyiza tu. Haipo. Foleni ya duka la ushirika tangu alfajiri, nimetoka na unga wa ngano peke yake.
Kesho wakwe. Bi Mwanahawa wa Gerezani, ndiye mama yake Idi anayemposa mwanangu, pamoja na shangazi yake Idi. Posa nilishaipokea, wanakuja kupanga siku ya ndoa. Nyumba nimeipiga deki mara mbili. Siagi hakuna, jemu hakuna. Lakini nina kitu ambacho mtaa huu hakuna mwenye nacho: kichupa cha hamira nyeusi ya kupaka mkate. Mwanangu Zuhura kapewa na sista wa wodi yao, mzungu, amemaliza mkataba karudi kwao. Hospitalini wanawapa wajawazito, inaongeza damu. Nzito kama lami, chumvi tupu. Mimi sikuipenda. Zuhura anailamba kwenye kijiko.
Kanionya: "Mama, hii inapakwa nyembamba kama wanja. Na bora usiwape kabisa."
Anifundishe mimi kupaka mkate! Mimi niliyemsomesha kwa maandazi mpaka akavaa kofia ya unesi.

Jumapili, 12 Mei
Nina hasira.
Wamekuja saa kumi. Chai ya tangawizi, boflo, hamira nimepaka ya kushiba. Mgeni apakiwe nyembamba, kwangu kuna njaa? Bi Mwanahawa kauma mara moja, macho yakamtoka. Kajifuta ulimi na pindo la kanga. Mbele yangu! Shangazi mtu kakimbilia uani, nimemsikia anatema. Kisha Idi akaja kuwachukua. Karani wa bandarini, kijana mtaratibu. Kala kipande. Kala cha pili. Kamalizia na cha mama yake, akauliza kama kipo kingine. Nilifurahi mimi! Mkwe anayekula!
Bi Mwanahawa akamtazama mwanawe. Akanitazama mimi. Akamtazama Zuhura. Akasimama. "Idi, twende."
Chai hakumaliza. Siku ya ndoa haikutajwa.
Mwanamke hana adabu. Huko Gerezani wanakula nini, dhahabu?

Jumatatu, 13 Mei
Mshenga wao kaja karai likiwa bado motoni. Ndoa isimame. Bi Mwanahawa anasema tumemlisha mwanawe limbwata. Eti tumemfunga kwa dawa ya mapenzi! Kitu kinachomtapisha kila mwenye akili zake, mwanawe anakilambia vidole, basi keshafungwa huyo.
Limbwata! Mwanangu nesi, ana cheti ukutani. Wanaume ndio wanamfuata yeye, awafunge wa nini?
Bombani wananyamaza nikifika. Nimeunguza karai zima. Mara ya kwanza tangu baba yake Zuhura afariki. Wajenzi wamekula hivyo hivyo.

Jumanne, 14 Mei
Idi kaja mwenyewe, kasimama mlangoni. Shikamoo yake nimeiitikia kwa shida. Anamtaka Zuhura, hajabadilika. Lakini hawezi kuoa mama yake amekaa ndani analia. Bila radhi ya mama hataoa.
Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Ningekuwa na mtoto wa kiume, ningetaka aseme hivyo hivyo. Hilo nalo limeniudhi.
Zuhura kaenda kazini bila kula.

Alhamisi, 16 Mei
Nimempeleka Bi Mwanahawa kwa Mzee Pazi, balozi wetu wa nyumba kumi. Mambo ya kunichafulia mtoto siyawezi. Kaja na shangazi mtu, majirani wamejaa barazani. Nikakiweka kichupa mezani. Nikasema kila mtu aonje, tuone nani atafungwa.
Balozi kachovya kidole. Kafumba macho. Kachovya tena. Mkewe kaonja, akatemea dirishani. Balozi kachovya mara ya tatu.
Mkewe akasema, "Haya baba, na wewe ushapendana na Zuhura. Nikakutafutie mshenga?"
Watu walicheka mpaka benchi likapinduka. Hata shangazi mtu. Balozi akasema hiki ni chakula, kuna kinaowaingia na kuna kinaowashinda, kesi hakuna.
Nimeshinda! Nikamgeukia Bi Mwanahawa ili aone nilivyoshinda. Hakuwa akicheka. Akasema polepole, "Mimi sina ugomvi na kichupa. Mama Zuhura, waambie ulinijibu nini nilipokuuliza ni kitu gani."
Nikasema sikumbuki.
Zuhura alikuwa amesimama nyuma ya watu, na sare yake. Aliniangalia. Akaondoka.

Ijumaa, 17 Mei
Nakumbuka.
Aliniuliza Jumapili ile ile, Idi anaanza kipande cha pili. "Mwenzangu, hiki kitu gani?" Ningesema hamira. Nikaona hamira ni neno la jikoni kwangu, halina fahari. Nikasema, "Hiyo dawa ya Zuhura. Mwanaume akiila hiyo, kwa mama yake harudi tena." Nikacheka sana. Peke yangu.
Hayo sikuyaandika siku ile. Nilimwandika yeye tu na pindo lake la kanga.
Idi ndiye mtoto wake wa pekee. Nilijua. Mshenga alishatwambia.
Hasira bado ninazo, zimejaa kifuani, ila leo sina pa kuzipeleka. Zuhura kaniamkia huku anatazama ukuta. Mjinga mimi. Mdomo huu mjinga.

Jumapili, 19 Mei
Sikukaanga leo. Nimekwenda Gerezani kwa miguu, mikono mitupu. Sikujua nibebe chakula gani.
Bi Mwanahawa alikuwa uani anachagua mchele. Nikasema pale pale, nimesimama. Kwamba maneno yale ni yangu. Kwamba Zuhura hakujua, na hata mkate ule alinikataza. Kwamba nilitaka kujisifu tu. Nikasema nisamehe. Neno hilo sikumbuki mara ya mwisho nimelisema lini.
Akainamia mchele wake. Akachagua, akachagua. Kisha akasogea kwenye mkeka, akanimiminia fungu la mchele kwenye sinia. "Chagua na wewe. Mawe matupu."
Nikakaa. Mawe kweli. Tulichagua mpaka adhuhuri. Alipokuwa anapepeta ungo wa mwisho ndipo akauliza Zuhura ana mapumziko siku gani, wasije wakapanga ndoa siku ya zamu.
Nikasema Ijumaa.
"Basi Ijumaa tutakuja kupanga," akasema, bila kuinua kichwa.
Nimerudi, Zuhura katoka zamu, amelala na soksi zake. Sikumwamsha. Nimemvua soksi, nimemfunika miguu, nimekaa hapa kitandani pembeni yake. Akiamka nitamwambia wanakuja Ijumaa, na anisamehe. Maneno machache.