Ndizi za Mtoto Wako

Wanjiku mjukuu wangu,

Hapa Kitengela tuko wazima. Guka yako, mzee wangu, bado anagombana na kuku zake, na mvua imetukataa tena.

Unauliza kama ni kweli ndizi ziko na mionzi, maana umeacha kumpa mtoto. Ni kweli. Miaka ya tisini nikiuza ndizi sokoni, uvumi huo ulitufukuzia wateja. Mwalimu mmoja wa sayansi akaleta mashine ndogo inayolia tik-tik ikikuta mionzi. Akaiweka juu ya ndizi zangu, ikalia. Wamama wakaruka nyuma. Akaipeleka kando, mahali hapana kitu, ikalia vilevile. Akaiweka kwa jiwe nililokuwa nakalia kila siku, ikalia zaidi!

Halima, jirani yangu wa vitunguu, akauliza, "Sasa tuhamie wapi, mwalimu?"

Mwalimu akacheka. Akasema mionzi ya ndizi ni kidogo sana, haidhuru mtu, tena sisi wenyewe tunabeba mionzi mingi mwilini kushinda ile ya ndizi.

Kwa hivyo, mama, mgongo huu uliokubeba mpaka ukajua kutembea ulikuwa na mionzi mingi kuliko ndizi yoyote. Na hapo ndipo ulikuwa unalala fofofo.

Mpondee mtoto ndizi.

Shosho wako