Kifua cha Mama na Swali la Kumi na Saba

Glasgow,
Jumapili, baada ya ibada

Mama Akinyi mpenzi,

Nakusalimu wewe na Akinyi wetu, na kabla ya lolote naomba mnisamehe kwa jinsi nilivyowatisha. Mko wazima? Akinyi bado anakataa dagaa wa omena mpaka kila mmoja atolewe kichwa? Na wewe mgongo unaendeleaje, au bado unajibebea marobota ya vitambaa mwenyewe kana kwamba soko zima la Kibuye halina mtu wa mkokoteni? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya hapa imeanza mapema, na ile sweta ya kijani uliyonifumia naivaa kila siku, hata wenzangu wanafikiri ni sare ya shule niliyosomea.

Najua telegramu ya Alhamisi ilikushtua. MAMA ASICHOMWE SINDANO NGOJA BARUA. Nilimtajia karani wa posta herufi moja moja, naye akaniuliza hiyo ni lugha ya wapi. Maneno yalikuwa matano kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuandika la sita. Sasa nitakueleza yote, na nakuomba usome ukiwa umeketi, Akinyi akiwa nje anacheza.

Katika barua yako uliniambia kwamba kikohozi kimemrudia Mama kule kijijini Usenge, na kwamba waliompima walitafuta kadi yake ya zamani, wakakuta sahihi yangu. Wakasema kama mwanawe daktari aliandika kifua kikuu, basi aanzishwe zile sindano tena mwezi ujao. Wewe ukaandika, "Afadhali kadi yako ilikuwepo, hawatasumbuka." Nilisoma hayo siku ya Jumanne, nikaona sawa kabisa. Nikakunja barua nikaiweka mfukoni, nikaenda kula chakula. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpaka kesho yake.

Kila Jumatano tunapitia maswali ya majaribio ya mtihani. Unajua nilichotumwa kusoma huku ni utabibu wa magonjwa yanayoletwa na kazi: mchimba makaa na mapafu yake, mtu wa kiwanda cha pamba na kifua chake, fundi wa rangi na mikono yake. Mwalimu wetu ni mama wa makamo, mfupi, mkali, aliyetumia ujana wake kupima wachimba migodi. Hakubali ujibu A au B tu halafu unyamaze. Lazima usimame ueleze kwa nini. Wiki mbili mfululizo nilikuwa nimepata maswali mengi kuliko wote, na sitakuficha, nilikuwa nimeanza kuringa. Nilikuwa nakaa mstari wa mbele na kuinua mkono hata kabla hajamaliza kusoma.

Swali la kumi na saba lilikuwa hivi. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, hajawahi kuvuta sigara. Anakohoa miaka mingi, akipanda kilima anahema. Makohozi yamepimwa mara tatu, vijidudu havikuonekana. Picha ya kifua ina vivuli. Hatua yako ya kwanza ni ipi? Nilisimama nikasema nitamwanzishia dawa za kifua kikuu, na nikaongeza, kwa ile sauti yangu ya kuhutubia unayoijua, kwamba sisi tuliotoka kwenye ugonjwa wenyewe hatuna muda wa kungojangoja.

"Anafanya kazi gani?" mwalimu akaniuliza.

"Swali halikusema."

"Halikusema," akarudia. "Na wewe hukuona kwamba halikusema. Jibu ni C, daktari. Muulize kazi zote alizofanya tangu ujana, na hewa anayovuta akizifanya."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kawaida cha darasani. Kisha Efua, daktari mwenzetu kutoka Ghana, akasema bila hata kuinua kichwa kwamba kwao pwani vifua vya namna hiyo wanaviona kila wiki, kwa wanawake wanaobanika samaki kwa moshi.

Mama Akinyi, nilikaa chini. Waliosalia walisonga mbele hadi swali la thelathini, na mimi sikusikia hata moja. Nilikuwa naiona ile kadi. Naikumbuka vizuri kwa sababu niliijaza mwenyewe, kwa mwandiko wa kujivunia, ili wauguzi waone mama wa daktari anavyohudumiwa. Jina, umri, kijiji. Kwenye nafasi ya kazi niliandika, "Mama wa nyumbani."

Mama wa nyumbani! Mtu aliyekaa miaka yote kwenye kile kibanda cha udongo, ameinamia moto wa kuni mbichi, anageuza samaki wa mbuta mmoja baada ya mwingine mpaka nguo zake, blanketi zake, hata mkate aliotukatia ukawa na harufu ya moshi. Karo yangu ilitoka mle. Hiki kiti nilichokalia cha daktari kilitoka mle. Na nilipofika mahali pa kuandika kazi yake, sikuona kazi. Sikumuuliza hata neno moja, kwa sababu alikuwa mama yangu na nilidhani namjua. Mgonjwa mgeni ningemuuliza.

Tena kuna hili lako, na hapa ndipo aibu inanibana zaidi. Uliniambia. Ulikuwa umetoka kukaa kwa Mama siku nne, wakati wa mazishi ya mjomba, kabla sindano hazijaanza, na uliporudi Kisumu macho yalikuwa mekundu na sauti imekauka. Kaka Ouma alikuwepo sebuleni, na yule daktari mwenzangu aliyekuja kula chakula. Ukasema, nakumbuka kila neno, "Baba Akinyi, mimi nimekaa kwa hiyo moshi siku nne tu na kifua yangu inawaka. Huyu mama amekaa hapo miaka ngapi? Si ungeangalia hiyo maneno kwanza?" Na mimi nikakujibu, "Wewe shughulika na vitambaa, vifua niachie mimi." Wageni wakacheka. Wewe ukaingia jikoni, na hujawahi kulitaja tena. Nimelikumbuka hapa, mbali namna hii, na nimeona haya mpaka nikajifunika uso kwenye maktaba ya watu. Nisamehe, Wanjiru. Ulikuwa umeliona jibu kabla yangu, na ulilijua kwa kumtazama tu mtu.

Sasa sikiliza yaliyobaki, kwa sababu hayajaisha. Zile sindano alichomwa kila siku kwa miezi miwili. Katikati aliniambia, "Daktari, hii sindano inalia kwa maskio yangu, ngiii, hainyamazi hata nikilala." Aliniita Daktari hata tukiwa wawili tu, alipenda neno hilo. Nilijua, Mama Akinyi. Sindano hiyo huweza kuharibu masikio, tumefundishwa sote, na huo ulikuwa wakati wa kuisimamisha. Nilimwambia avumilie, dawa inafanya kazi. Akasema, "Basi, kama ni wewe umesema." Sisi wote tumekuwa tukisema Mama amezeeka ndiyo maana hasikii. Hajazeeka kiasi hicho. Masikio yake niliyachukua mimi.

Utaniuliza, mbona alipona basi? Nami nilijiuliza hivyo siku nzima, nikitafuta pa kutokea. Kisha nikakumbuka. Watu wa ufuoni waliposikia ni kifua kikuu, walianza kumtengea kikombe, na wanunuzi wakaacha samaki wake. Wengine walinong'ona kwamba ni ule ugonjwa wa siku hizi. Alifunga kibanda miezi minane kwa kukosa wateja. Alitoka kwenye moshi, kikohozi kikapungua, na sifa nikapewa mimi. Alisimama kanisani na jogoo mkononi, akamshukuru Mungu kwa mwana aliyemponya. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka mbele, nimevaa tai. Kisha wateja wakasahau, akawasha moto tena, na sasa anakohoa.

Ningeweza kujitetea. Kifua kikuu kweli huweza kujificha makohozi yasionyeshe kitu, na daktari mwingine yeyote pengine angeandika nilivyoandika. Lakini daktari mwingine hakuwa amekulia ndani ya moshi ule.

Basi fanya hivi, tafadhali. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, kwa Kiingereza, ya kumpa daktari anayemtibu. Nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilisema mgonjwa alidhaniwa kuwa na kifua kikuu, kana kwamba alidhaniwa na ukuta. Hii uliyo nayo inasema mimi ndiye niliyekosea, inaeleza moshi na masikio, na ina sahihi yangu. Wataisoma watu niliofanya nao kazi, na wengine watafurahi. Wafurahi tu. Simwambii daktari asimpime. Ampime upya, makohozi na picha, lakini asirudie sindano kwa kuitegemea kadi yangu.

Pili, mtoe Mama kwenye kile kibanda. Atakataa, najua, atasema samaki wataharibika. Usimwambie ni mgonjwa, mwambie unamhitaji Kisumu amfunge Akinyi mgongoni wakati wa soko. Atasema Akinyi ni mkubwa, wewe mwambie basi anataka hadithi. Na umwambie Kaka Ouma abomoe upande mmoja wa kibanda ule wa ziwani, tanuri litolewe nje penye upepo, na lijengewe bomba la kutoa moshi juu. Efua amenichorea namna wanavyofanya kwao, mchoro uko nyuma ya ile karatasi. Ouma akilalamika kwamba anataka kutengeneza mtumbwi kwanza, mwambie kaka yake amesema mtumbwi ungoje.

Mtihani wenyewe uko karibu. Sijui kama nitapita, na kwa mara ya kwanza sijali sana nitapata ngapi. Nasoma polepole sasa. Kila swali natafuta kwanza huyu mtu anashinda wapi.

Nisalimie mama yako na umwambie chai aliyonipakia imebaki kidogo. Nisalimie Kaka Ouma na mkewe, yule fundi cherehani jirani yetu anayetulindia Akinyi, mchungaji wetu, na dada zako wote wa Nyeri wanaodhani huku napiga picha na theluji. Akinyi mbusu mashavu yote mawili.

Jambo moja tu usimwambie Mama, hili la masikio. Si mzigo wako, hilo ni langu, nitalibeba Desemba nikirudi. Nilikuwa nimepanga nikimrudisha kwake tukae wawili tu, nyuma ya nyumba, nimwambie kwa sauti ya chini jinsi mtu anavyomwambia mama yake. Halafu nikakumbuka kwamba Mama hasikii tena sauti ya chini. Itabidi nipaze sauti, na Usenge nzima itasikia pamoja naye.

Ni mimi mumeo,
Baba Akinyi