Mwenye Kusema "Pita"

Siku ya kazi moja, tarehe 7, mwezi wa saba

Nimemupima Célestin sukari, nimemupiga shindano ya dawa, nimefagia kiwanja. Kisha somo la motoka. Célestin, bwana yangu, njo mwalimu. Uwanja wa mpira wa Shituru, hapa Likasi: kuzunguka, kusimama, kurudi nyuma. Moteri inazimika kila mara. Mabega yananiuma.

Examen ya permi, ruhusa ya kutembeza motoka, ni tarehe 31. Dokta wa Lubumbashi anamutaka Célestin kila mwezi. Miguu yake imevimba, basi hawezi tena kutembeza. Wa kumupeleka ni minye peke yangu. Niko na miaka makumi tano na mbili. Naogopa, Bwana Yesu.

Motoka yetu ilitokea upande wa Zambia, volan, usukani wake, iko kuume. Na huku kwetu motoka zinapita kuume. Basi ukiwa nyuma ya kamiyo, lori kubwa, hauoni mbele hata kidogo. Anayekaa kushoto njo anaangalia, anasema "Pita" ao "Bakia". Wenye motoka za hivi wote wanafanya vile. Ku barabara, Célestin njo macho yangu.

Siku ya kazi tatu, tarehe 9

Mama Béatrice, tunaimba pamoja ku kanisa. Yeye alisoma ku auto-école, masomo ya motoka, akapata permi yake mbele ya Pasaka. Leo amenishika mukono:

"Mama Odile, kuya ku auto-école yetu. Mwalimu iko na freni yake ku miguu. Ukikosea, anasimamisha. Papa Célestin atasimamisha na nini? Na maombi?"

Nilicheka sana. Célestin hakucheka.

"Minye? Miaka makumi mbili nilitembeza kamiyo ya mawe ya Kakontwe, sikugonga hata kuku. Leo bibi yangu afundishwe na bengine? Bantu batanicheka mpaka ku kanisa."

Hakula. Alimimina chai pembeni ya kikombe, akasema meza imeinama. Meza haikuinama. Niliona. Sikutaka kujua.

Bibi amutii bwana yake. Nimetii. Moyo umekataa.

Siku ya kazi tano, tarehe 11

Njia ya Kakontwe, mara ya kwanza. Baridi na vumbi. Kamiyo mbele. "Pita!" Nikapita. Célestin akacheka kama zamani, akapiga mulango na mukono. Niliimba mpaka nyumbani. Auto-école ya nini?

Siku ya posho, tarehe 12

Ee Mungu.

Njia ile ile. Kamiyo ya mawe mbele yetu, vumbi lake. Célestin amesema: "Pita, iko wazi." Nikatoka kushoto. Mutu huyu hapa mbele yetu, anasukuma kinga yake, baiskeli yenye magunia matatu ya makala ya kupikia. Alikuwa anakimbia shimo, ameingia katikati kidogo. Hapakuwa na mulima. Hapakuwa na kona. Jua lilikuwa linawaka.

Nilikanyaga freni na miguu yote mbili. Sauti ile. Makala yakamwangika barabara nzima.

Alilala upande wa Célestin, hatua tatu toka dirisha lake. Muguu umegeuka. Analia. Na Célestin, akiangalia kule kule, ameniuliza:

"Tumegonga nini?"

Ndipo nilijua.

Siku ya Mungu, tarehe 13

Sikuenda kuimba. Célestin amesema kila kitu, amekaa ku kitanda, hajavua viatu. Jicho la kushoto limekufa toka Pasaka. La kuume ni kama moshi. Alificha kwa dokta, alificha kwangu. Alisema bibi yake akienda auto-école, yeye atabaki mugonjwa tu ndani ya nyumba. Ndani ya motoka alikuwa mutu bado.

Nikamuuliza, sasa ulisema Pita namna gani?

"Nilisikiliza. Moteri ya kuya mbele, naisikia mbali sana."

Kinga haina moteri.

Nimemuchukia. Naliandika, kwa sababu Mungu analijua.

Siku ya kazi mbili, tarehe 15

Polisi wametuita. Usiku kucha Célestin alinibembeleza: "Minye iko na permi. Nitasema minye njo nilikuwa ku volan." Ingeniokoa. Nilisali juu ya neno lile, na wakati wa kusali nilikuwa tayari natafuta namna ya kukubali.

Mbele ya polisi nilisema kweli. Minye njo nilitembeza. Sina permi. Bwana yangu haoni. Célestin aliinamisha kichwa, niliposema vile mbele ya bantu. Wameshika motoka.

Siku ya kazi tano, tarehe 18

Ninamupelekea Papa Mwansa bukari, ugali wetu, ku hospitali kila siku. Njo jina lake, mwenye makala. Bibi yake anapokea sahani, haniangalii.

Leo wamekata muguu. Chini ya goti.

Siku ya kazi mbili, tarehe 22

Nimeanza auto-école. Nimekwenda na miguu yangu, sikuomba ruhusa. Célestin alisikia mulango.

Mwalimu ni mwanamuke, Mama Solange. Motoka yake iko na volan kushoto, barabara yote naiona mwenyewe. Nyuma ya pikipiki moja yenye kwenda polepole nilikaa, nikakaa. Wa nyuma wakapiga honi.

"Mama, unangoja nani?" ameniuliza.

Nilikuwa nangoja mutu aseme Pita. Nililia pale pale. Mama Solange alisimamisha motoka na freni yake.

Siku ya kazi ine, tarehe 31

Nimepita examen. Béatrice amepiga kigelegele, nimemuomba anyamaze. Nikatoka pale, nikaenda kumuona Papa Mwansa. Ameniuliza kama kinga yake inaweza kutengenezwa. Nimesema inaweza.

Ataisukuma namna gani na muguu mumoja?

Siku ya kazi tano, tarehe 8, mwezi wa nane

Tumelipa faini, polisi wameturudishia motoka. Nimemupeleka Célestin kwa dokta.

Kamiyo ilikuwa mbele yetu toka Likasi. Célestin kushoto, minye kuume. Mara moja alifungua kinywa, akakifunga.

Ku volan ya kuume, wenye kinga unawaona vizuri. Wanapita karibu na mukono wako.

"Umepunguza. Ni nini?" Célestin ameuliza.

"Kinga."

"Iko na mizigo?"

"Makala."

Alitoa kofia yake, akaiweka ku magoti. Tulibaki nyuma ya kamiyo mpaka Lubumbashi.